Mkono wa Mchonga Mawe

Nzilani alifika machimboni kabla jua halijayafikia mawe, ili ampime Kyule kabla hajashika nyundo. Jana yake alimwambia kwamba asubuhi hiyo asinywe chai wala soda, asitafune chochote, na asibebe kitu. Alimkuta ameketi juu ya jiwe bapa, mgongo kwenye ukuta wa mlima, mikono magotini, akingoja.

"Nimetembea polepole vile ulisema," Kyule alisema.

"Usiongee sasa. Miguu chini, usiipishanishe. Pumua tu."

Aligeuza mtungi wa maji, akaweka mashine juu yake, akauzungusha mkanda kwenye mkono wa kijana juu ya kiwiko. Sehemu ya kunata ilishika nchani tu. Wanawake wawili waliokuwa wakivunja kokoto upande wa chini walisimamisha nyundo zao wakatazama. Mashine ilivuma, ikaubana mkono, ikaachilia pole pole. Kwenye kioo zikatokea namba: mia moja sabini na sita kwa mia moja na kumi.

Nzilani alingoja dakika tano kwa saa ya simu yake, akapima tena. Mia moja sabini na nne kwa mia moja na kumi.

"Ni mbaya?" Kyule aliuliza.

"Ni ile ile ya juzi."

"Lakini mimi niko sawa. Jana nimechonga mawe arobaini."

"Najua. Vaa shati twende."

Nzilani alikuwa na umri wa miaka thelathini na sita. Kwa miaka minne alikuwa mhudumu wa afya ya jamii katika upande huu wa milima ya Kilungu, nyumba mia moja na tatu, zote za kufikiwa kwa miguu. Alikuwa amepewa mkoba wenye mashine ya presha, kipimo cha sukari, mizani ya watoto na simu ya kuandikia aliyoyaona. Wazee walimwita daktari, kwa mzaha na kwa heshima kwa pamoja. Vijana walimwita Mama Mumbe, kwa jina la binti yake.

Kyule alikuwa na miaka ishirini na minne, na hakupaswa kupimwa. Simu ya Nzilani iliuliza umri wa kila mtu kwanza. Ukiandika chini ya thelathini na tano, simu iliruka yenyewe sehemu ya presha na kwenda kwenye chanjo. Alimpima kwa bahati tu. Wiki mbili nyuma alikwenda kumpima mama yake, Kalekye, ambaye alikuwa akiogopa mashine, akisema itamkata damu isifike kwenye vidole. Kyule alikuwa mlangoni akila muthokoi kwenye sahani ya bati. Akaja akanyoosha mkono wake. "Ona, mwaitu, haiumi," alimwambia mama yake, kisha akamgeukia Nzilani. "Nipime mimi kwanza, aone."

Mashine ikasoma mia moja sabini na nane kwa mia moja na kumi na mbili. Nzilani alibadilisha betri. Akajipima mwenyewe, akapata mia moja kumi na sita kwa sabini na nne. Akampima Kalekye, hamsini na mbili, aliyekuwa akilalamikia kichwa na miguu kila wiki; presha yake ilikuwa ya msichana. Akampima tena Kyule. Namba hazikutikisika.

"Presha ni ya watu wako na mawazo," Kalekye alisema siku hiyo. "Huyu ana mawazo gani? Hana bibi, hana mtoto, akilala ni kama gunia."

Tangu siku hiyo Nzilani alianza kupima vijana aliowakuta, nje ya kazi aliyotumwa. Msusi wa saluni. Waendesha pikipiki pale njia panda. Mwalimu mmoja wa muda. Thelathini na mmoja kwa jumla, na sita kati yao walikuwa juu, kila mmoja kwa siku tatu tofauti. Simu haikuwakubali, kwa hiyo aliwaandika kwenye daftari la shule la Mumbe, akapiga picha ukurasa huo na kuutuma kwa msimamizi wake mjini, bwana Muindi. Jibu lilikuja jana jioni: "Kesho saa saba nitakuwa dispensari. Njoo na mashine."

*

Njia ya kwenda dispensari iliteremka kati ya miembe na matuta ya mahindi yaliyokauka nusu. Kyule alitembea mbele. Leo alikuwa ameiacha kazi ya asubuhi. Lori la kupakia mawe lingefika saa nane, na kama asingekuwapo, mtu mwingine angeshika nafasi yake.

"Mama Mumbe, wakisema niko sawa?"

"Nitafurahi."

"Na wakisema siko sawa?"

"Utapewa dawa."

Kyule aligeuka nyuma. "Sasa dawa ya kitu sisikii, nitajua aje imenisaidia?"

Nzilani alisema tu kwamba watapima tena.

Ilikuwa Jumatano, siku ya presha na sukari. Mabenchi mawili ya barazani yalikuwa yamejaa bibi na babu, kila mmoja na kadi yake ya manjano imefungwa kwenye karatasi ya nailoni. Kyule aliketi pembeni kabisa. Magoti yake yalifika juu kuliko ya wengine wote, na vumbi la mawe lilikuwa bado kwenye nywele zake.

Bibi aliyekuwa karibu naye alimgeukia. Upande mmoja wa mdomo wake ulikuwa umelegea, na alishika leso mkononi kwa ajili ya mate. "Umemleta nani, mwanangu?"

"Nimejileta, susu," Kyule alimjibu bibi.

Babu wawili walicheka. Bibi hakucheka. Alimtazama tu kutoka kichwani mpaka viatuni.

Saa nne walimwita ndani. Nesi wa zamu alikuwa Ndunge, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, aliyekuwa ameona watu hamsini kabla ya chai ya saa nne na bado hajainywa. Alisikiliza maelezo ya Nzilani bila kumkatiza, akatazama namba kwenye daftari, kisha akamgeukia Kyule.

"Unatafuna majani ya muguka?"

"Jumamosi. Kidogo."

"Zile soda za nguvu?"

"Moja asubuhi, moja mchana. Kule juu kila mtu anakunywa."

"Kuna dawa unameza?"

"Za mgongo. Zile nyekundu za duka. Kila siku, kwa sababu ya mawe."

"Kila siku kwa muda gani?"

Kyule alihesabu. "Miaka miwili."

Ndunge aliandika. "Hizo peke yake zinaweza kukupandisha. Hujaambiwa?"

"Na nani?"

"Baba yako yuko?"

"Alikufa. Alikuwa na thelathini na tisa. Alikuwa anarudi shamba, akaanguka pale mtoni. Watu walisema ni mtu alimfanyia uchawi."

"Alikuwa na presha?"

"Hakuna mtu alimpima," Kyule alisema.

Ndunge aliinua kalamu, akaishusha tena. Alichukua mashine yake mwenyewe kutoka kwenye meza, akajaribu kuufunga mkanda kwenye mkono wa Kyule, na ukanata nchani tu kama ule wa Nzilani. Akaufungua. Akachukua futi ya kitambaa kwenye droo na kuuzungusha mkono ule katikati, mkono uliokuwa ukiinua nyundo ya kilo nne tangu kijana huyu atoke darasa la nane.

"Sentimita thelathini na nane," alisema. "Mkanda wako unaishia thelathini na mbili, Nzilani. Na wangu pia. Mkanda mdogo kwa mkono mkubwa unadanganya. Unaonyesha juu kuliko ilivyo."

Nzilani aliutazama mkanda wake. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia hilo. Katika siku mbili za mafunzo walifundishwa kubonyeza, kungoja na kuandika.

"Kwa hiyo hana?" aliuliza.

"Sijasema hana. Nimesema hatujui. Kuna mkanda mpana, uko kwenye kabati ya chumba cha kujifungulia. Ufunguo anao mkunga wetu, Kaveke, na Kaveke yuko semina mpaka Ijumaa."

"Basi turudi Ijumaa," Kyule alisema, na tayari alikuwa amesimama. Uso wake ulikuwa umefunguka. Mashine ilikuwa imekosea, na lori lilikuwa bado halijafika.

Nzilani alijua Ijumaa kijana hatarudi. Hata yeye mwenyewe, kama angekuwa na nguvu zile na siku za kazi zile, asingerudi.

"Sista, hakuna ufunguo mwingine?"

Ndunge alifikiri. "Kaveke akisafiri humwachia mama yake funguo. Anauza mitumba pale sokoni, karibu na posho mill. Lakini ni mbali, na juu."

"Nipe dakika arobaini," Nzilani alisema. Kisha akamwambia Kyule, "Ningojee. Lori ni saa nane."

Kyule alirudi kwenye benchi bila kuahidi.

*

Mama yake Kaveke alikuwa akipanga masweta ya watoto juu ya turubai. Alisikiliza, akaifuta mikono, akasema ufunguo wa serikali haupewi mtu asiye wa serikali.

"Mimi ni wa serikali, mama. Ni vile tu sina sare."

"Kitambulisho?"

Nzilani alikuwa na kadi ya plastiki yenye picha yake. Maandishi yalikuwa yamefutika kwa jasho, jina pekee ndilo lililosomeka. Mama alimtazama, akaitazama kadi, akamtazama tena. Wakampigia Ndunge simu. Mtandao ulikatika mara mbili. Mara ya tatu mama alisikiliza kwa muda mrefu, akasema "eh" mara nne, kisha akafungua pochi iliyofungwa kiunoni na kutoa ufunguo uliofungwa kwenye kitambaa.

"Uurudishe wewe mwenyewe," alisema. "Usitume mtu."

Nzilani aliteremka haraka kuliko alivyopanda. Njiani alikuwa na wazo moja: atakuta nafasi ya Kyule kwenye benchi iko wazi. Ilikuwa saa sita kasorobo. Hakuna aliyemlazimisha kijana kukaa, na hakuna kilichokuwa kikimuuma.

Lakini alimkuta. Alikuwa ameinamia yule bibi mwenye leso, na bibi alikuwa akimwelezea kitu kwa mdomo wake wa upande mmoja. Maneno yalitoka yamekwaruzika.

"Sikusikia kitu. Nililala vizuri, nikaamka vizuri. Nikakunywa uji, nikaona unamwagika kwa nguo. Nikasema, hiki kikombe kimetoboka. Nikauangalia mkono, umeshika, lakini si wangu." Alipangusa kidevu. "Kaa hapo chini wewe. Mawe yatakungoja."

Kyule alikuwa amekaa.

*

Mkanda mpana ulikuwa wa kijivu, bado kwenye karatasi yake. Ndunge aliuunganisha na mashine yake, akamketisha Kyule vizuri, akaweka mkono wake juu ya meza sambamba na moyo, kisha akafanya jambo ambalo Nzilani hakuwahi kumwona nesi yeyote akilifanya siku ya Jumatano: alifunga mlango, akakaa, akanyamaza dakika tano nzima. Nje walisikika wazee wakikohoa.

Mashine ilivuma. Mia moja sitini na nne kwa mia moja na mbili.

Ndunge alingoja, akapima tena. Mia moja sitini na mbili kwa mia moja na mbili. Akahamia mkono wa pili. Ilikuwa karibu sawa.

"Mkanda mdogo ulikuwa unadanganya," alisema. "Lakini haukudanganya sana."

Kyule aliutazama mkono wake juu ya meza. Nzilani, aliyekuwa amesubiri wiki mbili kuaminiwa, aligundua kwamba alikuwa ameomba kimoyomoyo namba zishuke.

"Umri wako na presha hii, si kitu ya kuangalia tu," Ndunge alimwambia kijana. "Nataka mkojo leo. Na uende hospitali kubwa wakaangalie figo na moyo, nitakuandikia barua. Zile dawa nyekundu za mgongo, umeacha leo. Si kesho. Soda za nguvu pia. Chumvi ya mezani, mwambie mama aiweke mbali. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Unaogopa?"

"Baba yangu alikuwa anachonga mawe pia," Kyule alisema. "Ndiyo nafikiria tu."

Ndunge alifungua kitabu cha wagonjwa wa presha na kuandika jina. Alipofika kwenye safu ya dawa alisimama. Dawa za mwezi zilikuja kwa hesabu ya waliosajiliwa, na usajili ulifanywa kwa simu zile zile zilizokataa umri wa chini ya thelathini na tano. Mwezi huu ilikuja dawa ya watu themanini na mbili, na kitabuni kulikuwa na majina themanini na mbili kabla ya la Kyule.

Alitoka, akarudi na pakiti moja, akaikata kwa mkasi katikati. "Kumi na nne. Wiki mbili. Zingine utanunua kwa duka la dawa mpaka nipate njia. Si bei ghali sana, lakini ni kila siku, si siku ukisikia vibaya. Hutasikia vibaya. Hiyo ndiyo shida yake."

Kyule alimeza kidonge cha kwanza pale pale, kwa maji ya bomba la uani. Ilikuwa saa saba na robo. Alimshukuru Nzilani huku amemshika mkono kwa mikono miwili, kama anavyoshikwa mzazi, akapanda mlima kuelekea lori lake. Safari hii alitembea polepole bila kuambiwa.

*

Bwana Muindi alikuwa ameegesha pikipiki ya ofisi chini ya kivuli cha tangi. Alikuwa mtu mpole, mwenye shati lililopigwa pasi na faili ya plastiki, na alimwamkia Nzilani vizuri, akauliza habari za Mumbe na za mvua. Kisha wakakaa kwenye chumba cha mikutano, ambacho pia kilikuwa stoo ya neti za mbu.

"Nzilani, nimeona kazi yako. Una bidii. Hiyo sikatai."

"Asante."

"Lakini ulitumwa kupima miaka thelathini na tano kwenda juu. Hii karatasi ulinitumia, nikiipeleka mjini, wataniuliza: hawa vijana sita wametoka wapi? Hakuna mahali pa kuwaweka. Ripoti haina safu yao. Nikisema eneo moja dogo liko na vijana sita wa presha, watasema aidha wewe unakosea, aidha mimi silindi takwimu."

"Sikosei. Muulize sista Ndunge. Mmoja amepimwa saa hii na mkanda mpana. Ni kweli."

"Nimeongea naye." Muindi alifungua faili. "Na ameniambia kitu cha maana. Mkanda wako ni mdogo, unasoma juu. Sasa unaona? Mashine yako inatoa namba zenye makosa."

Nzilani alichukua muda kuelewa kwamba kilichomsaidia asubuhi ndicho kilichokuwa kikitumiwa sasa dhidi yake.

"Kwa Kyule, ndiyo," alisema. "Mkono wake ni mkubwa. Lakini Ndinda wa saluni mkono wake ni kama huu wangu, hata mwembamba zaidi. Mkanda unamzunguka ukabaki. Na yeye ni mia moja hamsini na nane. Ana miaka ishirini na sita, na alizaa mwaka jana na miguu ilivimba mpaka viatu vikamshinda. Huyo mkanda umemdanganya nini?"

Muindi alitazama dirishani. Hakuwa na hasira. "Wewe si daktari, Nzilani. Mimi pia si daktari. Mashine ikiwa na shaka, inarudi mjini ikaangaliwe. Hiyo ndiyo utaratibu."

"Itarudi lini?"

"Itaombewa mikanda ya saizi zote."

"Lini?"

"Bajeti mpya ikipita."

Akatoa fomu ya kurudisha vifaa. Alikuwa ameshaijaza kabla ya kuja, kwa wino wa bluu, na mwandiko mzuri. Kifaa: mashine ya presha, moja. Hali: mbovu. Chini yake kulikuwa na nafasi ya sahihi ya mhudumu.

Nzilani aliisoma mara mbili. Alifikiria kukataa. Akafikiria pia nyumba mia moja na tatu, na mkoba ambao ungechukuliwa wote, na mizani ya watoto, na mtu mwingine ambaye angepewa simu yake na kufanya kazi kama simu inavyotaka. Akachukua kalamu. Chini ya neno *mbovu* aliandika, kwa herufi kubwa ili yasomeke: *INAFANYA KAZI. MKANDA NI MDOGO KWA MIKONO MIKUBWA TU.* Kisha akaweka sahihi.

Muindi aliiangalia karatasi kwa muda. "Hapo si pa kuandika."

"Nimeshaandika."

Alikunja fomu, akaiweka kwenye faili. Mashine aliifunga nyuma ya pikipiki kwa mpira mweusi, kwa uangalifu, akaifunika na koti lake la mvua ili isiingie vumbi. Akamuaga vizuri.

*

Nzilani alipanda tena sokoni kurudisha ufunguo mkononi mwa mama yake Kaveke kama alivyoagizwa, kisha akashika njia ya nyumbani. Ilipata saa kumi na moja. Njia ilipita kando ya uwanja wa shule ya msingi, ambapo vijana hucheza mpira jioni. Leo hawakuwa wakicheza. Walikuwa wameketi kwenye nyasi karibu na goli, kumi na mmoja au kumi na wawili, na walipomwona, wengine walianza kukunja mikono ya jezi.

Kyule alikuja kumpokea. Alikuwa na vumbi jipya. Alikuwa amewahi lori. "Niliwaambia," alisema. "Nthiwa alisema ni uongo, nikamwonyesha karatasi ya sista. Sasa wote wanataka kupimwa. Nimewaambia wasikimbie kwanza, wakae vile ulinikalisha."

Ndiyo maana walikuwa wameketi. Miguu yao yote ilikuwa imenyooshwa vizuri, hakuna aliyeipishanisha. Ndinda wa saluni alikuwa kati yao, na mtoto mgongoni.

Nzilani alitua mkoba wake chini. Ulikuwa mwepesi kuliko asubuhi.

"Sina mashine," alisema. "Imechukuliwa."

"Na nani?"

"Ofisi. Wanasema ni mbovu."

"Ni mbovu?" aliuliza Nthiwa, kipa wa timu, kijana mrefu aliyekuwa mbele.

"Hapana."

Walitazamana. Mmoja alianza kuushusha mkono wa jezi. Mwingine akasema basi, ikirudi wataitwa, na akausogeza mpira kwa mguu. Nzilani aliona jinsi jambo lile lingeisha: lingeisha hapo hapo, kwa upole, bila mtu kugombana na mtu. Kesho wangekuwa machimboni, kwenye pikipiki, kwenye mashamba, kila mmoja na nguvu zake na vidonge vyake vyekundu vya mgongo mfukoni.

"Kule chini kuna mashine," alisema. "Na mkanda mpana uko, sista ameuweka mezani kwake sasa. Kesho asubuhi naenda. Anayetaka, tukutane hapa saa moja."

"Kesho si siku ya presha," Ndinda alisema.

"Najua."

"Watatufukuza."

"Wakitufukuza tutarudi Ijumaa. Lakini watakuwa wametuona."

Nthiwa alijikuna shingo. "Mimi nina kibarua."

"Kila mtu ana kibarua," Kyule alisema. Alisema polepole, kama mtu anayejaribu neno jipya. "Baba yangu pia alikuwa nacho."

Mmoja wao aliupiga mpira, nao wakainuka kwenda kucheza.

*

Asubuhi walikuja saba. Nthiwa alikuwa mmoja wao. Ndinda alikuja na mtoto. Kyule hakuwa na haja ya kuja, lakini alikuja, na alikuwa amelipita duka la soda likiwa wazi bila kuingia. Aliwaambia hivyo njiani, mara mbili.

Lango la dispensari lilikuwa bado limefungwa. Mlinzi, mzee wa makamo aliyevaa koti la kijani, alitoka kwenye kibanda chake na kitabu kikubwa cha wageni. Aliwatazama wale vijana, mabega yao, jezi, mtoto akinyonya.

"Leo si siku ya presha," alisema.

"Tunajua, mzee," Nzilani alijibu.

"Mmeleta mgonjwa?"

"Ndiyo."

"Yuko wapi? Mgonjwa ni nani?"

"Bado hatujui," Nzilani alisema. "Ndiyo maana tumekuja."

Mlinzi alifikiri. Ndani, mlango wa ofisi ya Ndunge ulikuwa umefunguliwa na taa ikawashwa. Mzee alikilaza kitabu juu ya nguzo ya lango, akalamba kidole, akatafuta ukurasa safi. Safu zilikuwa nne: jina, kijiji, umri, shida.

"Haya. Mmoja mmoja."

"Nthiwa."

"Umri?"

"Ishirini na mbili."

Aliandika. "Shida?"

Nthiwa alimgeukia Nzilani.

"Presha," Nzilani alisema.

Mzee aliandika *presha*. Wa pili alikuwa na kumi na tisa. Wa tatu ishirini na sita. Wa nne ishirini na moja. Alipofika kwa wa tano mlinzi aliinua macho akawatazama wote kwa pamoja, kisha akakishusha kichwa na kuendelea kuandika.